Ukuta usioficha kitu: urembo wa matofali na akiba ya mama



Mvua inapokatika mwezi wa nne na udongo ukaanza kukauka, mji wetu unaingia katika msimu wa matofali. Pembeni mwa Lubumbashi moshi wa matanuru unapanda asubuhi na jioni. Malori yanapita yamejaa, na baiskeli zinasukumwa kwa shida kwenye mchanga. Ndani ya nyumba nyingi mama anahesabu pesa ya likelemba na kujiuliza: mwaka huu tutapandisha ukuta mpaka wapi?

Juma hili tunaandika juu ya urembo wa matofali. Tunajua wengine watasema: tupate kwanza pa kulala, urembo utakuja nyuma. Tunawaelewa, kwa sababu pesa ni kidogo na watoto wanasubiri. Lakini urembo wa tofali haununuliwi dukani kama rangi au vigae. Unatoka katika namna fundi anavyopanga tofali lile lile ulilokwisha kulipia. Fundi anayejua kulipanga vizuri mpaka likapendeza, huyo ndiye anayejua pia kulifunga lisianguke. Asiyejua atapandisha haraka, kisha atakuambia: "Mama, usiogope, krepi itafunika."

Hapo ndipo pesa ya mama inapozikwa. Krepi inafunika macho tu. Ufa unabaki ndani, na baada ya masika mawili matatu unatoka nje kukusalimia. Kwa hiyo tunataka kila mama anayejenga, au anayemsaidia mtoto wake kujenga, ajue kusimama mbele ya ukuta usiopakwa kitu na kuusoma.

Mji uliotoka katika udongo

Mji huu ulianzishwa mwaka 1910 kwa jina la Élisabethville, na tangu siku zake za kwanza umejengwa kwa tofali la kuchoma. Ukitaka kuona jinsi tofali linavyozeeka kwa heshima, nenda ukaangalie kanisa kuu la Watakatifu Petro na Paulo. Limesimama tangu mwanzoni mwa miaka ya 1920, likipigwa na mvua za zaidi ya masika mia moja. Zunguka pia katika mitaa ya zamani ya katikati ya mji, uangalie juu ya madirisha, chini ya paa na kwenye pembe za kuta. Utaona matofali yaliyosimamishwa wima, yaliyotokezwa nje kidogo au yaliyopinda kama upinde. Mikono iliyoyapanga ilikuwa ya vijana wa nchi hii. Majina yao hayakuandikwa popote, lakini kazi yao inasomeka mpaka leo.

Udongo wenyewe tumeupata kwa wafanyakazi wadogo sana: mchwa. Vichuguu vikubwa vya huku kwetu, ambavyo vingine vinapita mita 5 kwenda juu, vimejaa udongo laini wa mfinyanzi ambao mchwa wameupandisha kutoka chini. Mchanga wa kawaida wa shambani haushikani hivyo. Ndiyo maana wapiga matofali wanatafuta kichuguu kwanza. Watafiti walipopima umri wa vichuguu vya Katanga, na kutoa matokeo mwaka 2015, waliona kwamba kimojawapo kilikuwa na zaidi ya miaka 2,000. Kwa hiyo tofali tunalolitupa kwa sababu limevunjika kwenye lori huenda limetoka katika kilima kilichoanza kujengwa kabla babu wa babu zetu hawajazaliwa. Kitu cha namna hiyo kinastahili kupangwa vizuri.

Kipande cha ubao kinachoamua kila kitu

Urembo unaanzia mbali kuliko wengi wanavyofikiri. Unaanzia kwenye kalibu, ile sanduku ndogo ya mbao ambamo udongo unapigwa.

Kanuni ya mafundi wa zamani ni moja: urefu wa tofali uwe sawa na upana wake mara mbili, pamoja na nafasi ya udongo wa kuunganishia, ambayo ni sentimita 1. Tofali lenye upana wa sentimita 10.5 liwe na urefu wa sentimita 22. Hapo matofali mawili yaliyolala upande kwa upande, na kiungo kati yao, yanalingana kabisa na tofali moja lililowekwa kwa kuvuka juu yake. Ukiwa na kipimo hicho, fundi anaweza kulaza, kugeuza, kusimamisha na kuchora atakavyo, na kila kitu kitakutana kwenye pembe. Bila kipimo hicho atakatakata matofali kwa panga, utalipa vipande vitakavyotupwa, na ukuta utajaa mashimo yanayozibwa kwa simenti.

Udongo unapungua ukikauka na kuchomwa, kwa hiyo kalibu lazima iwe kubwa kidogo kuliko tofali unalolitaka. Mpigaji mwenye akili hutengeneza kwanza matofali machache ya majaribio, anayakausha, anayachoma, anayapima, ndipo anarekebisha kalibu. Ukinunua kwa watu wawili tofauti, peleka uzi wa kupimia. Matofali ya kalibu mbili hayapatani katika ukuta mmoja.

Kisha kuna kukausha. Tofali bichi lisiachwe kwenye jua kali siku ya kwanza. Lifunikwe kwa majani likauke polepole, ligeuzwe, mwishowe lipangwe kwa kuachiana nafasi ili upepo upite. Baadaye linaingia kwenye tanuru. Midomo ya moto iko chini, na tanuru lote limepakwa matope nje ili joto lisitoke. Moto mdogo huwashwa kwanza kufukuza maji yaliyobaki, kisha moto mkubwa, mpaka ndani kufike kama digrii 900. Halafu tanuru linaachwa lipoe lenyewe kwa siku kadhaa. Mwenye haraka ya kulifungua anapata matofali yenye nyufa.

Jinsi ya kupima tofali kabla ya kulipa

Mama hahitaji mashine yoyote. Vipimo hivi vinne vinatosha.

Chukua matofali mawili, uyagonganishe. Tofali lililoiva linalia kama chuma. Bichi linatoa sauti ya kuziba, kama mtu anayegonga kifua.

Likwaruze kwa msumari. Likitoa unga kwa urahisi, halikuiva.

Liangushe chini kutoka usawa wa kiuno, kwenye ardhi ya kawaida. Tofali zuri halipasuki vipande viwili.

Lipime likiwa kavu, ulilaze ndani ya maji usiku na mchana, kisha ulipime tena. Lisinywe maji zaidi ya sehemu moja kwa tano ya uzito wake. Kwa mfano, tofali la kilo 2 na nusu lisipite kilo 3 likitoka majini. Likipita, litanywa pia mvua ya mwezi wa kwanza, na ukuta wako utakuwa na baridi mpaka kitandani kwa mtoto.

Angalia pia rangi. Yaliyokuwa katikati ya tanuru yana wekundu uliokolea, na yaliyokuwa pembeni yana rangi ya chungwa iliyopauka. Wauzaji wanayachanganya. Yaliyokuwa karibu sana na moto yanakuwa meusi au ya zambarau, mara nyingine yamepinda. Yakiwa yamenyooka ni magumu sana, na mafundi wa urembo wanayapenda kwa sababu yanatoa michoro ya rangi mbili ndani ya ukuta bila tone la rangi. Mwambie muuzaji akutengee.

Kusoma ukuta

Sasa tuingie kwenye kazi ya fundi. Tofali lina sura mbili zinazoonekana nje: ubavu, ule upande mrefu, na kichwa, ule upande mfupi. Kucheza na ubavu na kichwa ndiyo alfabeti ya kazi hii yote.

Ukuta mwembamba, wa upana wa tofali moja lililolala kwa urefu, unaonyesha ubavu tu. Kila tofali linakaa juu ya kiungo cha mawili yaliyo chini yake. Ni ukuta wa bei nafuu, unafaa kugawanya vyumba au kwa nyumba ndogo, lakini unahitaji nguzo au pembe za karibu karibu ili usiyumbe.

Ukuta mnene una upana wa tofali zima. Hapa ndipo vichwa vinapotokea nje, kwa sababu baadhi ya matofali yamevuka kutoka nje mpaka ndani kama misumari. Kuna mpangilio ambao safu moja ni ubavu tupu na inayofuata ni vichwa vitupu. Kuna mwingine ambao ndani ya safu moja unapata ubavu, kichwa, ubavu, kichwa, na kila kichwa kinakaa katikati ya ubavu wa chini yake. Huo wa pili unapendeza sana kama mkeka uliosukwa. Kila kichwa unachokiona ni mkono unaoshika pande mbili za ukuta zisiachane. Ukiona ukuta mnene usio na kichwa hata kimoja, uliza haraka. Huenda ni kuta mbili nyembamba zilizosimamishwa mgongo kwa mgongo bila kushikana.

Baada ya hapo angalia viungo. Vya kulala viwe na unene mmoja, kama sentimita 1, mwanzo mpaka mwisho. Vya kusimama visipande kamwe kimoja juu ya kingine kama ngazi ya moja kwa moja, maana hapo ndipo ufa utakapopita. Rudi nyuma hatua kumi, funga jicho moja, fuata mstari: ukipanda na kushuka kama nyoka, nivo haikutumika.

Angalia na mikono ya fundi. Je, analowesha tofali kabla ya kuliweka? Tofali kavu linanyonya maji ya simenti, na kiungo kinabaki unga. Je, anajaza kiungo cha kusimama, au anapaka nje tu ili kionekane kimejaa? Kwa viungo vya simenti, kipimo cha ndoo 1 ya simenti kwa ndoo 5 au 6 za mchanga safi kinatosha kwa nyumba ya kawaida. Na asipandishe zaidi ya mita moja na nusu kwa siku moja. Safu za chini hazijakauka, zitabonyea kwa uzito wa zile za juu. Fundi anayejigamba kwamba atamaliza ukuta wote kesho anakuonya bila kujua.

Urembo unaofanya kazi

Ukitembea katika mitaa yetu utaona kwamba mapambo mengi ya tofali yalizaliwa na shida fulani ya nyumba.

Klostra, ule ukuta wa matundu tunaouona kwenye baraza na jikoni, unatoa moshi na joto, unaingiza upepo na mwanga, na bado mpita njia hakuoni ukiwa ndani. Unapangwa kwa kuacha nafasi ya nusu tofali kati ya moja na jingine, au kwa kuyasimamisha mshazari. Unatumia matofali machache kuliko ukuta uliojaa. Kwa jiko la makala klostra ni dawa ya macho na kifua. Weka wavu wa mbu kwa ndani, na usiupange upande ambao mvua inapigia.

Safu za matofali zinazotokeza nje chini ya paa, kama meno au ngazi, zinarusha maji ya mvua mbali na ukuta. Kila safu isitoke zaidi ya robo ya tofali juu ya ile ya chini. Mkoa wetu unapata kama milimita 1,200 za mvua kwa mwaka, karibu zote ndani ya miezi michache, kwa hiyo safu hizo zina kazi ya kufanya. Hata hivyo hazichukui nafasi ya paa refu: mabati yatoke nje ya ukuta kama sentimita 60.

Matofali yaliyolazwa mteremko chini ya dirisha yanazuia maji kusimama na kupenya. Upinde juu ya dirisha unabeba uzito kwa kuusukuma pembeni, na ukijengwa vizuri kwenye ukuta mnene unapunguza chuma cha linto. Lakini upinde unahitaji mabega: usiuweke karibu na pembe ya nyumba.

Kuna pia ukuta wa matofali yaliyosimamishwa kwa ubavu wao mwembamba, mawili sambamba yakiacha uwazi katikati, kisha moja likivuka kuyashika, na kuendelea hivyo. Mjenzi Laurie Baker, Mwingereza aliyehamia India na kufariki huko mwaka 2007, aliujengea watu wengi wa hali ya chini katika jimbo la Kerala. Aliwaachia kuta hizo bila krepi, pamoja na klostra za kila namna. Tufanye hesabu kwa tofali letu la sentimita 22 kwa 10.5 kwa 6.5. Ukuta mnene wa kawaida unakula matofali kama 116 kwa kila mita mraba. Huu wenye uwazi unakula kama 86, na unene ni ule ule wa sentimita 22. Kwa nyumba yenye mita mraba 80 za ukuta, unabakiza matofali 2,400. Uwazi wa ndani unazuia pia joto la mchana lisiingie upesi. Masharti yake ni mawili: matofali yawe yamenyooka na ya kipimo kimoja, na safu za chini kabisa, pembe, kando ya milango na madirisha, na safu za chini ya paa zijengwe zimejaa, bila uwazi.

Mnaona sasa kwa nini tunasema urembo ni akiba. Ukuta uliopangwa vizuri hauhitaji krepi nje. Simenti ile, mchanga ule, rangi ile ya kurudiwa kila baada ya miaka michache, vyote vinabaki mfukoni, au vinakuwa ada ya shule.

Mahali ambapo urembo unaua

Tusiwadanganye: kuna mapambo ya hatari. Tarehe 5 Desemba 2005 tetemeko la nguvu ya 6.8 lilipiga chini ya ziwa Tanganyika, na huko Kalemie nyumba za matofali zilianguka juu ya watu. Mwezi wa pili mwaka 2008 Bukavu ilitikiswa pia. Wengi wetu tuna dada, wakwe na watoto kule. Lubumbashi haitikiswi namna hiyo mara nyingi, lakini mafundi wanasafiri, na michoro ya nyumba inasafiri pamoja nao.

Tofali linavumilia kukandamizwa, halivumilii kuvutwa wala kutikiswa. Kwa hiyo nyumba iwe na mshipi wa betoni yenye chuma unaozunguka kuta zote juu ya milango na madirisha, ule mafundi wanaouita shenaji, na mwingine juu ya fondasio. Ukuta wa pembeni wa paa, ule wenye ncha, usiachwe mrefu na mwembamba bila kushikwa. Klostra isiwekwe kwenye pembe ya nyumba wala chini ya boriti kubwa la paa. Nguzo za baraza za matofali zilizozungushwa kama msokoto zinapendeza, lakini ndani yake lazima ipite chuma. Na matofali mazito ya urembo yasining'inizwe juu ya mlango, kwa sababu mlangoni ndipo familia inapokimbilia.

Fundi akikuambia shenaji ni gharama bure, afadhali upunguze chumba kimoja mwaka huu. Chumba kitaongezwa mwaka ujao.

Bei ambayo hatuioni

Kila tanuru linakula miti. Tunajua sisi wenyewe, tunaonunua makala, jinsi msitu wa miombo ulivyorudi nyuma kuzunguka mji. Kila tofali lililoungua vibaya, kila tofali lililovunjwa na fundi asiyejua, ni kuni zilizochomwa bure. Kununua matofali yaliyoiva, kuyapakia na kuyashusha kwa mkono badala ya kuyamwaga, kuchagua mpangilio unaotumia machache, hivi vyote vinaacha mti fulani umesimama.

Wengine wameanza kutumia tofali lisilochomwa: udongo uliochanganywa na simenti kidogo na kukandamizwa kwa mashine ya mkono. Linafaa, tena kwa ukuta wa urembo linatoka limenyooka sana. Ila linataka fondasio iliyoinuka juu ya maji na paa refu, na limwagiliwe kwa siku kadhaa kivulini kabla ya kutumika.

Na mabinti zetu?

Ukienda kwenye mahali pa kupigia matofali utawakuta wamama. Wanachota maji, wanabeba matofali kichwani, wanapikia wafanyakazi. Ukifika kwenye ukuta wenyewe, pale ambapo malipo ya siku ni makubwa, mara nyingi hutawaona. Hakuna sababu ya mwili. Tofali la kilo mbili na nusu si zito kuliko beseni la maji tunalolibeba tangu utoto. Kazi ya urembo inadai jicho, uvumilivu na kuhesabu: mbili nje, moja ndani, ruka moja. Anayesuka nywele na mikeka anaijua hesabu hiyo tayari.

Mfano uko karibu. Kayonza, nchini Rwanda, kulijengwa kituo cha wanawake kilichomalizika mwaka 2013, chenye vyumba vya duara na kuta za matofali ya matundu. Wanawake waliokuwa watakitumia ndio waliotengeneza matofali yake kwa mikono, yapatayo 450,000. Tunajua jina la nchi hiyo linauma mioyo ya wengi wetu kwa mambo yanayotokea mashariki. Hatulisahau hilo. Lakini kazi ya mikono ya mama maskini ni somo popote ilipofanyika, nasi tunalichukua.

Kwetu, INPP, chuo cha taifa cha kufundisha kazi kilichoanzishwa mwaka 1964, kina tawi hapa Lubumbashi, na ujenzi ni kati ya kazi zake. Mama mwenye binti aliyemaliza shule na kukaa nyumbani aende kuuliza. Na kama kuna fundi mzee katika mtaa wenu anayejua upinde na klostra, msimuache azeeke na ujuzi wake. Mpeni vijana wawili, msichana na mvulana, wamshikie uzi na nivo kwenye shanti yenu. Makubaliano hayo yafanyike kabla ya kazi kuanza, pamoja na malipo kidogo kwa mwalimu na kwa wanafunzi.

Maneno ya kumwambia fundi

Kabla ya kumaliza, haya ndiyo tunayopendekeza mama amwambie fundi siku ya makubaliano, kwa heshima, mbele ya shahidi mmoja wa familia:

"Baba fundi, tunakukaribisha. Tunaomba utuonyeshe ukuta mmoja uliojenga miaka mitano iliyopita, usio na krepi." Aliyefanya kazi nzuri atakupeleka kwa furaha.

"Tunataka ukuta wa nje ubaki wazi, matofali yaonekane." Sentensi hii peke yake inabadilisha kazi yote, maana fundi anajua hatakuwa na pa kuficha.

"Tupangie kwanza safu tatu bila simenti, chini, tuone pembe zinavyokutana." Ni kazi ya saa moja, na makosa yake hayagharimu kitu.

"Tutakulipa kwa mita ya ukuta ulionyooka, na kila jumamosi tutapima pamoja." Usilipe pesa yote mwanzoni, na usimcheleweshee iliyo haki yake. Fundi mwenye njaa anapandisha haraka.

"Jina lako utaliandika wapi?" Muombe achore jina na mwaka kwenye tofali moja bichi kabla halijachomwa, liwekwe karibu na mlango. Waliojenga mitaa yetu ya zamani hawakupata nafasi hiyo. Anayejua jina lake litabaki pale ataangalia nivo mara mbili.

Wenye shanti msimu huu, mtuletee habari siku ya mkutano: mmelipia matofali mangapi, mangapi yalivunjika, na ukuta wenu unasomekaje. Tutazunguka kuuangalia pamoja, mtaa kwa mtaa, na tutakayoyaona tutawaandikia humu kabla ya mvua kurudi.